Mzazi Anapopotewa na Akili: Tujifunze kwa Nyumba ya Mtakatifu Louis Martin



Katika ukurasa huu huwa twazungumza juu ya uaminifu, fedha na malezi ya watoto. Leo tutazame mzigo mwingine ambao huingia nyumbani polepole na kuwagombanisha mume na mke kabla hawajatambua umetoka wapi. Ni pale mzazi mzee, wako au wa mwenzi wako, anapoanza kupotewa na akili. Anauliza swali moja mara kumi kwa saa moja. Usiku wa manane anafungua mlango akisema anakwenda kwao, na kumbe kwao ni papo hapo. Anamwita mke wa mwanawe mwizi kwa kuwa amesahau alikoficha pesa zake. Mke anasema amechoka. Mume anajibu kwamba huyo ni mama yake. Ndugu walio mbali wanapiga simu kutoa amri, na majirani wananong'ona habari za uchawi.

Ugonjwa huu wa kusahau, ambao madaktari wanauita dimenshia, si uzee wa kawaida wala si laana. Ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani lasema zaidi ya watu milioni 55 ulimwenguni wanaishi nao. Na ujue, msomaji, ya kuwa uliwahi kuingia pia katika nyumba moja ya watakatifu. Hebu tuitazame nyumba hiyo.

Fundi wa saa na mke wake

Louis Martin alizaliwa tarehe 22 Agosti 1823 huko Bordeaux, Ufaransa. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na utoto wa Louis ulipita karibu na kambi za askari, mpaka familia ilipokaa katika mji wa Alençon. Akajifunza kazi ya kutengeneza saa. Alipokuwa kijana wa miaka 22 alipanda milima ya Alpi mpaka monasteri ya Mtakatifu Bernardo Mkuu akitaka kuwa mtawa, lakini akarudishwa kwa kuwa hakujua Kilatini. Alikuwa mtu wa kimya, apendaye upweke, sala, kuvua samaki na kutembea kwa miguu. Yashike haya mawili, kambi za askari na monasteri ya mlimani, kwa maana tutayarudia.

Tarehe 13 Julai 1858 alimwoa Zélie Guérin, fundi wa lesi. Walizaa watoto tisa. Wanne walikufa wakiwa wadogo, wakabaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline na Thérèse, huyu wa mwisho ndiye tunayemwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Tarehe 28 Agosti 1877 Zélie alikufa kwa kansa ya titi. Thérèse alikuwa na miaka minne. Louis akawahamisha watoto mpaka Lisieux, ili wawe karibu na Isidore Guérin, ndugu wa marehemu mkewe, aliyekuwa na duka la dawa mjini humo pamoja na mkewe.

Dalili za kwanza

Tarehe 1 Mei 1887, Louis akiwa na miaka 63, alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto wa mwili ulipooza kwa saa kadhaa, kisha akapata nafuu. Katika mwaka huohuo aliweza hata kusafiri mpaka Roma pamoja na Céline na Thérèse. Aliyemwona alidhani amepona.

Hapo tujifunze jambo la kwanza. Ugonjwa wa aina hii, unaotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, mara nyingi huja kwa ngazi. Mgonjwa hushuka ngazi moja, akakaa hapo miezi kadhaa, kisha akashuka nyingine. Siku mbaya hufuatwa na siku njema, na ndiyo maana jamaa husema anajifanya. Hajifanyi. Mzazi wako akipata kiharusi hata kidogo, usingoje. Mpeleke hospitali, na baada ya hapo apimwe shinikizo la damu na sukari mara kwa mara. Kutunza mishipa ya damu ni kutunza akili.

Siku nne za kupotea

Aprili 1888 Thérèse aliingia utawani Karmeli, ambako Pauline na Marie walikuwa wametangulia. Nyumbani wakabaki Léonie na Céline. Tarehe 23 Juni mwaka huo baba yao akatoweka. Hakuaga mtu. Siku zikapita, mabinti wakilia. Ilijulikana kwamba yuko Le Havre, mji wa bandari, na Céline, aliyekuwa na miaka 19 tu, alisafiri huko pamoja na mjomba wake Isidore na jamaa mwingine kumtafuta. Walimpata tarehe 27 Juni. Wazo lililomchukua lilikuwa kwenda kuishi peke yake kama mkaa pweke, amtumikie Mungu mbali na watu.

Je, unamkumbuka yule kijana aliyerudishwa kutoka mlimani? Tamaa ya miaka arobaini na zaidi ilikuwa imelala moyoni mwake. Ugonjwa ulipoondoa breki za akili, ikainuka na kumwendesha njiani. Ndivyo ilivyo kwa wazee wetu wanaotangatanga. Kwetu ni kupotea tu, lakini kwake yeye anakwenda mahali: shambani alikolima, shuleni alikofundisha, kwa mama yake aliyekufa zamani. Anayemkemea na kumfungia kwa kamba humwongezea hofu. Afadhali umwulize kwa upole anakwenda kumwona nani, utembee naye hatua chache ukizungumza habari za huko, kisha umrudishe kwa chai. Na ujilinde mapema: komeo la mlango liwekwe mahali asipolizoea, majirani na jumuiya wajulishwe, na mfukoni mwake iwe karatasi yenye jina lake na namba yako ya simu.

Siku ya bastola

Baada ya Le Havre, hali ilipanda na kushuka. Mwezi Agosti alizidiwa tena, na karibu na mwanzo wa Novemba vilevile. Tarehe 10 Januari 1889 alikuwa na nguvu, akaja kanisani na kumshika mkono Thérèse katika sherehe yake ya kuvikwa nguo ya utawa. Wote walifurahi. Mwezi mmoja tu baadaye giza likashuka.

Louis alianza kuona mambo ambayo wengine hawakuyaona. Aliona vita, akasikia mizinga na ngoma za askari. Alishika bastola ili awalinde mabinti zake na maadui ambao hawakuwapo. Nyumba ikajaa hofu. Isidore aliitwa, silaha ikaondolewa, na tarehe 12 Februari 1889 Louis akapelekwa Caen, kilomita zipatazo 50, katika hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili iliyoitwa Bon Sauveur, iliyosimamiwa na masista.

Msomaji, tafakari jambo hili. Mwana wa mwanajeshi, mtu aliyekuwa ameona askari wa Prussia wakilala katika nyumba yake huko Alençon mwaka 1871, alirudishiwa vita na ubongo uliojeruhiwa. Kwa nje alionekana mtu hatari. Ndani alikuwa baba alindaye watoto wake. Upendo ulikuwapo, ila ulikuwa umepotea njia.

Basi mzazi anapopiga kelele, anapotukana au kuinua fimbo, usiseme moyoni kwamba sasa ameonyesha tabia yake ya kweli. Jiulize anaogopa nini, au ni nini kinachomwuma. Mara nyingi ghasia ya ghafula hutokana na jambo ambalo hawezi kulieleza: jino, choo kigumu, kiu, homa, ugonjwa wa njia ya mkojo, au dawa mpya isiyomfaa. Zahanati yaweza kulitibu. Akisema anaona watu chumbani, usibishane naye wala usimcheke. Mwambie uko naye na hatadhurika, washa taa, funga pazia, ondoa kioo ikiwa sura yake mwenyewe yamtisha. Kuhusu panga, jembe, dawa za mifugo na viberiti, usibahatishe. Viondoe leo, kabla ya siku ya ghasia. Nazo dawa za kumtuliza zisinunuliwe ovyo dukani. Nyingine huwadhuru wazee, na ni daktari tu wa kuzipima.

Maneno ya mji

Lisieux ulikuwa mji mdogo, na watu walisema. Walisema mzee Martin amerukwa na akili kwa sababu ya mabinti zake walioingia utawani, hasa yule mdogo aliyemwacha akiwa na miaka 15. Fikiri maneno hayo yalivyowachoma Wakarmeli watatu waliokuwa ndani ya ukuta, wasioweza kutoka hata kwenda kumfuta baba yao jasho.

Huku kwetu maneno ya namna hiyo huua. Sote tumesikia habari za wazee wa Kilifi na Kisii waliopigwa au kuchomwa kwa kuitwa wachawi. Mzee azungumzaye peke yake, atembeaye usiku, asahauye majina ya wajukuu, huyo ni mgonjwa. Ukimnyamazia jirani anayemwita mchawi, umemshikia kuni. Familia Mkristo iseme waziwazi jina la ugonjwa, kwa majirani, kwa jumuiya na kwa chifu. Siri ndiyo inayolisha uvumi.

Je, kumpeleka hospitali ni kumtupa?

Swali hili liliwatesa Léonie na Céline. Hawakumpeleka na kwenda zao. Walimfuata Caen, wakapanga chumba kwa masista karibu na hospitali, wakawa wakifika kila siku kuuliza habari zake, ijapokuwa waliruhusiwa kumwona mara moja tu kwa juma. Walikaa huko karibu miezi mitatu. Mei 1889 walirudi Lisieux, wakapokewa katika nyumba ya mjomba Isidore, na wakaendelea kusafiri kwa gari moshi kumtembelea baba yao.

Hospitalini Louis alikuwa na siku za akili timamu. Siku hizo aliweza kupokea Komunyo, na vitu vizuri alivyoletewa aliwagawia wagonjwa wenzake. Alitambua alipo. Alimweleza daktari kwamba amezoea kuamuru na sasa imempasa kutii, naye alilipokea kama jaribu kutoka kwa Mungu.

Mwezi Juni 1889 ilitokea siku chungu. Mali yake ilihitaji msimamizi, na hati ikaletwa ili aikabidhi. Ilimkuta ana akili zake. Alitia sahihi, lakini alilia, akidhani watoto wake hawamwamini tena. Waliofanya hivyo hawakuwa wabaya. Jambo lilikuwa la lazima. Hata hivyo ona uzito wake: mgonjwa huweza kusahau siku na mwezi, lakini akaendelea kuhisi aibu. Kwa hiyo mambo ya shamba, akaunti na pensheni yazungumzwe mapema, dalili za kwanza zinapoonekana, mzee akiwapo na akisikilizwa, mbele ya ndugu wote. Akili ikishaondoka kabisa, sahihi yake haifai tena kitu. Katika Kenya mahakama yaweza kumteua mtu wa kusimamia mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili. Kumshika mzee kidole na kukigandamiza juu ya hati ni wizi, hata akifanya hivyo mtoto mpendwa.

Shemeji na mke wake

Sasa nawageukia ninyi mume na mke. Isidore Guérin hakuwa ndugu wa damu wa Louis. Alikuwa shemeji yake, na dada aliyewaunganisha alikuwa amekwisha kufa. Mke wa Isidore alikuwa mbali zaidi. Hata hivyo nyumba yao ndiyo iliyowapokea mabinti, na tarehe 10 Mei 1892, Louis alipokuwa amepooza miguu na hawezi tena kutoroka, Isidore ndiye aliyekwenda Caen kumrudisha Lisieux. Alikuwa amekaa hospitalini miaka mitatu na miezi mitatu. Siku mbili baadaye alipelekwa Karmeli kuwaona binti zake watatu kwa mara ya mwisho. Hakuweza kusema mengi. Walipoagana alionyesha juu, kuwajulisha kwamba wataonana mbinguni.

Kazi hii isingewezekana kama Isidore na mkewe wangekuwa wanahesabiana kwamba huyu ni wa kwenu na huyu ni wa kwetu. Katika nyumba zetu hesabu hiyo ndiyo sumu. Mara nyingi mzigo humwangukia mke wa mwana. Yeye ndiye afuaye mashuka, naye ndiye aitwaye mwizi. Mume, ikiwa ni mama yako, usitosheke kuleta pesa. Kaa naye usiku mmoja au mbili kwa juma ili mkeo alale. Mkeo akisingiziwa wizi, simama naye mbele ya jamaa, lakini usimkemee mama. Msaidieni tu kutafuta kilichopotea, na mara nyingi kitapatikana chini ya godoro. Nawe mke, ukichoka, sema umechoka kabla hujaanza kumchukia mgonjwa. Uchovu si dhambi. Anayelea peke yake miezi na miaka bila kupumzika huja kupiga, na baadaye hujuta.

Na ninyi mlio mbali, mjini au ng'ambo, tazameni Wakarmeli watatu. Hawakuweza kutoka, lakini waliwatia moyo dada zao kwa barua, wala hawakuwaongezea lawama. Pigeni simu kumwuliza mlezi hali yake yeye mwenyewe, kisha ndipo mwulize habari za mzee. Tumeni pesa za mashuka, sabuni na nauli. Likizo ikifika, njoni mshike zamu.

Miaka miwili ya mwisho

Walipanga nyumba karibu na akina Guérin, wakaajiri mtumishi wa kiume wa kumwinua na kumgeuza. Juni 1893 Léonie aliingia utawani, na Céline akabaki peke yake na baba. Alikuwa na miaka 24. Aliwahi kuposwa, na yeye pia alitamani utawa, lakini aliweka yote kando. Wakati wa kiangazi walimpeleka La Musse, shamba lenye misitu la akina Guérin karibu na Évreux. Huko alitembezwa kwa kiti cha magurudumu chini ya miti, na jioni walisimama wakisikiliza ndege akiimba, naye uso wake ukatulia.

Msidharau jambo hili dogo. Akili ikiondoka, masikio na ngozi na moyo hubaki. Mgonjwa asiyeweza kumtaja mwanawe hutulia akisikia wimbo wa kanisani wa ujana wake, au rozari isaliwayo kwa sauti ile ile kila jioni. Mpeni ratiba isiyobadilika ya chakula, kuoga, jua la asubuhi na sala. Mpeni kazi ndogo, kuchambua maharagwe au kukunja nguo, hata kama mtazikunja tena. Akikataa kuoga, msimvute. Ngojeni saa moja, maji yawe ya vuguvugu, aoshwe kidogo kidogo akiwa amefunikwa, ili asione haya. Jibuni swali lake la mara ya kumi kama la mara ya kwanza. Kwake ni la kwanza.

Mwaka 1894, mwezi Mei, kiharusi kingine kilipooza mkono wake. Mwezi Julai alipelekwa tena La Musse. Asubuhi ya Jumapili tarehe 29 Julai 1894 alifariki, Céline akiwa kando yake akisali. Alikuwa na miaka 70. Septemba mwaka huo Céline aliingia Karmeli. Thérèse, ambaye ugonjwa wa baba ulikuwa umemchoma kuliko maumivu yote, alifikia kuuita hazina ya familia yao.

Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu, mume na mke wa kwanza kutangazwa pamoja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai. Kanisa halikuificha miaka ile ya Caen. Mtu aliyefungiwa na wagonjwa wa akili, aliyeshika bastola kwa kuona vita visivyokuwapo, aliyelishwa na kuvikwa na wengine, amewekwa altareni. Kumbe ugonjwa haukumpunguzia hadhi hata kidogo. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya tatu ya kitabu chake, alikwisha kutuagiza zamani tumvumilie baba hata akili zake zikipunguka, tusimdharau sisi tulio na nguvu.

Ninyi mliooana, jioni moja juma hili, watoto wakisha lala, kaeni mjiulize haya. Mzazi wetu akiugua hivi, atakaa wapi, na nani atashika zamu ya usiku? Ni ndugu gani tutamwita mapema kabla ya kuchoka? Hati zake ziko wapi, naye mwenyewe anataka nini? Na kama mzazi huyo tayari yumo nyumbani, kila mmoja amwulize mwenzake ni saa ngapi amelala juma hili. Anzeni hapo.

Mtakatifu Louis Martin, utuombee.